Tafakuri ya Leo: Nguo za Sultani wa Kilwa



Mwezi huu tunashindana kuhitimisha juzuu, na ni kheri. Lakini hebu tujiulize: kitabu kinamlea mtu kwa kurasa alizomaliza, au kwa pale kilipomsimamisha?

Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331. Katika habari za safari yake anamtaja Sultani Hasan bin Suleiman, Abul-Mawahib. Ijumaa moja akitoka msikitini, fakiri wa Yemeni akamwomba nguo alizovaa. Zile zile za mwilini! Sultani akaingia nyumbani kwa khatibu, akabadilisha, akampa.

Raha kukisimulia kisa hiki, hasa kwetu watu wa Kilwa. Ila wengi tunaishia hapo. Ukiendelea kusoma, mwana wa sultani alizichukua nguo zile, fakiri akapewa watumwa kumi badala yake. Binadamu kumi kwa nguo! Ukarimu ulisifiwa, waliolipia hata majina yao hatuyajui.

Sasa leo jioni, jamani, tunafuturisha wageni. Dada wa kazi aliye jikoni tangu adhuhuri, mshahara wake wa mwezi uliopita ameshapata?