Ukongwe wa Kununua

Je, ukongwe waweza kununuliwa? Swali hili lilinijia dukani, fedha mkononi, mbele ya magitaa mawili ya besi ya umeme. Yote mawili yalikuwa mapya, nayo yaliundwa kwa mfano wa kale wa Precision Bass, gitaa ambalo Leo Fender wa California alilitoa mwaka 1951. Moja lilikuwa safi. La pili lilikuwa limekwanguliwa rangi kiwandani, lifanane na chombo kilichotumika miaka sitini.

Kuiga umbo si aibu. Mtoto hurithi sura ya babu yake wala haitwi mwongo. Umbo jema ni amana ya waliotangulia, na aliundaye upya huilinda isipotee. Lakini kovu si umbo; kovu ni ushahidi. James Jamerson alilipiga gitaa lake la mwaka 1962 katika studio ya Motown mjini Detroit, na heshima ya gitaa lile ilitoka katika vidole vyake.

Yuko atakayejibu kwamba ubao uliokwanguliwa ni mwororo mkononi, wala haumtii mwenyewe hofu ya kuukwaruza. Ni kweli, nami simlaumu. Bali mimi ningekuwa nimevaa nishani ya vita nisivyopigana.

Nilinunua lile safi. Sasa lina mkwaruzo mmoja ukingoni. Siku ulipotokea niliumia, leo naupenda. Ni mdogo, lakini ni wangu.