Dhahabu ya Kilwa Jijini Lisbon

Vilima vya Lisbon vinadai pumzi, na njia zake zimetandazwa vijiwe vidogo vya chokaa, vyeupe na vyeusi, ambavyo nyayo za vizazi zimevisugua hadi vinateleza. Mtu analazimika kuangalia anapokanyaga. Naona hiyo ni baraka, kwa sababu mwendo wa pole humwondolea mgeni tamaa ya kuona kila kitu. Siku nzima nilikuwa nayo, na nilichotaka kuona ni kitu kimoja. Nilikuwa radhi kukifikia taratibu.

Nilianzia karibu na uwanja wa Rossio, katika kanisa la São Domingos. Tetemeko la tarehe 1 Novemba 1755, Sikukuu ya Watakatifu Wote, liliharibu kanisa hilo. Likajengwa upya, kisha mwaka 1959 likaungua. Waliolikarabati hawakuyafunika majeraha. Nguzo zimemeguka na kuchubuka, mawe yana nyufa za moto, na waumini husali katikati yake. Nje kuna jiwe la ukumbusho wa Wayahudi waliouawa Aprili 1506, katika mauaji yaliyoanzia hapo hapo kanisani. Siku hizi Waafrika wa Lisbon, wengi wao wa Guinea-Bissau, hukutana kwenye uwanja huo huo, wakisalimiana na kupeana habari za nyumbani. Nilikaa ndani muda mrefu. Sala huja kwa urahisi mahali ambapo kuta zenyewe zimeungama.

Kutoka hapo niliteremka hadi mto Tagus, nikaufuata kuelekea magharibi. Sitasema mengi juu ya njia ile. Ni reli, magari na upepo wa mto. Makumbusho ya Taifa ya Sanaa za Kale yako juu kidogo, mtaa wa Janelas Verdes, na humo ndimo ilimo Monstransi ya Belém.

Wakatoliki wenzangu wanaijua monstransi: chombo ambamo Ekaristi Takatifu huwekwa ili tuiabudu. Hii haifiki hata urefu wa mita moja, lakini ndani yake kuna kama kanisa zima la dhahabu, lenye minara na nakshi. Mitume kumi na wawili wa rangi za kung'aa wamepiga magoti kuizunguka nafasi ya hostia. Juu yao yuko njiwa mweupe.

Dhahabu yake ilitoka Kilwa, kwenye pwani ya Afrika Mashariki. Mwaka 1502 baharia Mreno Vasco da Gama alitia nanga huko na, kwa tishio la mizinga, akamlazimisha mtawala wake, Amiri Ibrahim, alipe kodi ya dhahabu kwa mfalme wa Ureno. Dhahabu hiyo ikafika Lisbon mwaka uliofuata. Mfalme Manuel I akaamuru ifuliwe iwe monstransi, kwa ajili ya monasteri ya Jerónimos kule Belém. Hakuna aliyeona haja ya kulificha hilo. Maandishi yanayozunguka kitako yanasema kwamba dhahabu ni ya kodi ya Kilwa na kwamba kazi ilikamilika mwaka 1506. Mwaka 1505, wakati mafundi bado wana kazi mkononi, kikosi cha Mreno Francisco de Almeida kilikuwa kimeipora Kilwa yenyewe.

Nimepiga magoti mbele ya monstransi tangu nilipopokea Komunyo ya Kwanza. Pia nimetembea Kilwa Kisiwani, nikaingia Msikiti Mkuu, nikagusa nguzo zake za mawe ya matumbawe. Mbele ya kioo kile mapenzi yangu mawili yalikutana, na hakuna lililokubali kulipisha jingine. Siwezi kusema kwamba waliosali mbele ya dhahabu ile walikuwa wanafiki. Naamini wengi walisali kwa machozi ya kweli, na Mungu aliwasikia. Wala siwezi kukubali kwamba uzuri huu umelifuta deni. Dhahabu yenyewe ilikuwa na safari ndefu kabla ya Kilwa: ilichimbwa na watu wa nyanda za juu za Zimbabwe, ikapita Sofala, na Kilwa ikatajirika kwa jasho hilo pia. Ni mikono mingapi iliyoshika sehemu ya chombo hiki bila kujua kwamba kitaitwa kitakatifu?

Katika makumbusho hakuna hostia. Mitume wamepiga magoti kuzunguka nafasi tupu. Nilisimama hapo hadi miguu ikauma, na nikatamani kwamba siku moja, katika sala za waamini pale Belém, Kilwa itajwe kwa sauti, maana jina lake limekaa miaka mia tano chini ya miguu ya mitume.

Nilifika Jerónimos jioni. Kaburi la Vasco da Gama liko karibu na mlango wa kanisa, naye amechongwa amelala, mikono imeunganishwa kwa sala. Alifia Kochi, India, mwaka 1524, na mifupa yake ilirudishwa Ureno baadaye. Miongoni mwa aliowaua walikuwemo mahujaji waliotoka Makka, wanaume, wanawake na watoto, aliowachoma ndani ya meli yao mwaka ule ule wa 1502. Nilianza kwa kuwaombea hao. Nikamwombea Amiri Ibrahim kwa jina lake. Kisha nikamwombea Vasco. Sala yake ilikuwa fupi, na sikujilazimisha kuirefusha.