Jina Juu ya Chungu

Katika nyumba nyingi za nchi yetu msomaji atakuta ukutani picha ya maua yaliyotiwa katika chombo. Picha hiyo imechapwa kiwandani, ikatiwa kioo na fremu, ikatundikwa mahali ambapo jicho la mgeni hutua kwanza. Je, ina haki gani ya kukaa hapo? Wapo wasemao kwamba hiyo ni kasumba ya kupenda vya wageni, na yafaa iteremshwe. Wapo pia wasemao kwamba uzuri hauna kwao, na mtu aachwe apende akipendacho. Nadhani pande zote mbili zimefanya haraka kujibu.

Tuchukue mfano wa nyumba moja ya kufikirika katika kijiji cha Lyulilo, jirani na Matema, wilayani Kyela. Kijiji hicho kiko ufukoni mwa Ziwa Nyasa, chini ya milima ya Livingstone, na siku ya Jumamosi hufanyika hapo gulio mashuhuri la vyungu. Vyungu hivyo hufinyangwa na wanawake wa Kikisi wa Ikombe, kisha huletwa gulioni kwa mitumbwi, na kutoka hapo wachuuzi huvipeleka hata Tukuyu na Mbeya. Basi sebuleni mwa nyumba yetu imetundikwa picha ya alizeti. Jikoni, juu ya mafiga, kiko chungu cha Ikombe. Mgeni aingiapo huisifu picha. Chungu hakisemi neno, isipokuwa harufu ya mboga.

Je, kosa ni ugeni wa picha? Mchoraji wake, Vincent van Gogh, alikuwa Mholanzi. Aliichora katika mji wa Arles, kusini mwa Ufaransa, mwezi Agosti 1888, na picha yenyewe imo katika jumba la sanaa la taifa mjini London. Lakini alizeti si ua la Uholanzi wala la Ufaransa. Asili yake ni Marekani ya Kaskazini. Leo hulimwa Singida na Dodoma, na mafuta yake tunayapikia. Kakao ya Kyela nayo asili yake ni Marekani ya Kusini, wala hatumwambii mkulima kwamba shamba lake ni kasumba. Kitu hakiwi kibaya kwa sababu kimevuka bahari. Hoja ya kwanza, basi, haitoshi.

Je, kosa ni kwamba chungu kimeachwa jikoni? Hebu mgeni na amwulize mwenye nyumba, “Mama, mbona chungu kizuri namna hii hukukiweka sebuleni?” Naye huenda akamjibu, “Mwanangu, kikikaa sebuleni, mboga nitapikia wapi?” Jibu hilo lina hekima. Picha huhitaji fremu kwa kuwa kazi yake ni kutazamwa tu; chungu hutimiza heshima yake kwa kutumika. Kukiondoa motoni ili tukitukuze kabatini huenda kukawa namna nyingine ya kukizika.

Dhuluma basi iko wapi? Tuirudie picha, tuitazame kwa makini. Maua yake yamewekwa katika chombo cha kawaida cha udongo, na mchoraji ameandika jina lake, “Vincent”, juu ya chombo hicho hicho. Jina la mchoraji limekaa juu ya kazi ya mfinyanzi, na jina la mfinyanzi halipo. Simlaumu Vincent. Alikuwa maskini, na alichora alizeti zake ili apambe nyumba amkaribishe rafiki yake, mchoraji Paul Gauguin. Alifariki mwaka 1890 bila kuonja utajiri wowote. Lakini mwaka 1987 picha yake nyingine ya alizeti iliuzwa London kwa zaidi ya pauni milioni 24. Ulimwengu ulijifunza kuuliza, “Nani alichora?” Swali la nani alifinyanga halikuulizwa.

Na sisi pia hatuliulizi. Mtu yule yule alipaye dukani bei ya picha bila kunung'unika huweza kusimama gulioni akivutana na mfinyanzi kwa shilingi chache, kana kwamba udongo ulijichimba, ukajifinyanga na kujichoma wenyewe. Wahenga walisema kwamba mfinyanzi hulia gaeni. Aghalabu methali hiyo hutumiwa kumcheka fundi asiyejifaa kwa ufundi wake. Mimi naiona pia kuwa ni shtaka dhidi yetu sisi tunaokula katika vyungu vizima.

Pengine mtu atasema kwamba mfinyanzi hahitaji jina lichongwe juu ya chungu, maana jirani zake huitambua kazi ya mkono wake. Yawezekana. Lakini chungu hakibaki kwa jirani. Kikishafika Mbeya huwa chungu tu, na mama aliyekifanya huwa kama hakuwapo. Heshima ninayoitetea si ya maandishi. Ni kuuliza kabla ya kununua, “Hiki ni kazi ya nani?” na kulipa kama mtu aliyesikia jibu.

Kwa hiyo mwenye nyumba wa Lyulilo asiiteremshe picha yake. Na chungu kibaki mafigani, kipike. Lakini mtoto wa nyumba hiyo, ajuaye shuleni kulitaja jina la mchoraji aliyekufa Ufaransa, na aulizwe jina la mama aliyefinyanga chungu kilichopika chakula chake cha jana. Ikiwa hawezi kulitaja, basi fremu ile haikuzunguka picha peke yake. Imezunguka pia macho yetu.