Nani Aseme Inatosha?

Mtu akishajulikana kwamba anaelewa kompyuta, swali moja humfuata kila aendako: "Hii ina thamani ya hela yake?" Huulizwa kana kwamba thamani imekaa ndani ya kitu kama kokwa ndani ya parachichi, na kazi ya mjuzi ni kupasua tu na kuionyesha. Nimezoea kulijibu kwa dakika mbili. Mwishoni mwa 2024 aliniuliza mdogo wangu wa Makambako, na dakika mbili hazikutosha, kwa sababu hela yenyewe ilikuwa ya parachichi za mama, misimu miwili.

Alichokitaka ni prosesa ya Intel, Core i9-14900K. Iliingia sokoni Oktoba 2023 kwa dola 589, karibu shilingi milioni moja na nusu kwa kiwango cha wakati ule, na hapo umenunua kipande kimoja tu cha mashine. Bado mazabodi, bado kipozeo, bado pawa saplai, bado UPS, ambayo kwa umeme wetu si anasa. Ina viini 24: vinane vya nguvu na 16 vidogo vya kubana matumizi. Kasi yake ya juu kabisa ni gigahezi 6.

Mdogo wangu huchora ramani za nyumba, kisha humtengenezea mteja picha ya nyumba ikiwa imekamilika, na bati lake, na maua, na jua la saa kumi jioni. Programu anayotumia hutengeneza picha hiyo kwa prosesa, si kwa kadi ya picha. Mashine yake ilikuwa mtumba, Core i5 ya mwaka 2013 yenye viini vinne, na picha moja nzuri ilimchukua dakika 40. Kwa kazi ya namna hiyo, ile i9 ingekwenda kasi zaidi ya mara kumi. Kwa hiyo hakuwa mtoto anayetamani gari la mbio ili aendee sokoni.

Hata hivyo niliona ubaya wa ile bei kwa haraka. Umeme unaoliwa na prosesa hukua kwa mraba wa volti, na ili ipate kasi ya mwishomwisho lazima volti ipande. Hii i9 imepangiwa wati 125 kwa kawaida na 253 inapokimbia. Ukiipa umeme maradufu, haikupi kazi maradufu. Hata nusu ya nyongeza hiyo huipati. Kinachozidi kinatoka kama joto. (Nikiri kwamba Julai hapa Njombe, nyasi zikiwa nyeupe kwa baridi alfajiri, wati 253 chini ya meza si jambo la kuchukia.) Bili yenyewe haitishi: kwa shilingi 356 kwa uniti, saa nane za kukimbia bila kupumua hazifiki bei ya sahani ya wali maharage. Wanaopinga prosesa kubwa kwa hoja ya LUKU hawajapiga hesabu.

Kilichonitia wasiwasi ni kingine. Mwaka huo huo wa 2024 Intel ilikiri kwamba prosesa zake za kizazi cha 13 na cha 14 zilikuwa zikipewa volti iliyopita kiasi, na baadhi zilichakaa na kuanza kuzimisha programu ovyo. Agosti ikatoa marekebisho, na dhamana ikaongezwa kutoka miaka mitatu hadi mitano. Kwa mtu wa Ujerumani hiyo ni habari njema. Kwa mtu aliyenunua kwa kumtuma mtu, kitu kikaja kwenye begi kutoka Dubai, dhamana ni karatasi. Katika vipimo vyote nilivyosoma, sikuona kimoja kinachopima umbali wa mnunuzi na mtu atakayepokea kitu kilichoharibika.

Nikamwekea na hoja ya Gene Amdahl, ya mwaka 1967. Amdahl alionyesha kwamba kama sehemu moja ya kumi ya kazi haigawanyiki, basi hata ukiongeza viini bila kikomo, kazi nzima haitaharakishwa zaidi ya mara kumi. Ile sehemu isiyogawanyika ndiyo inayotawala. Nikamwambia ahesabu: toka mteja apige simu hadi amalize kulipa ni kama siku 20. Ndani yake kuna kwenda kiwanjani, kumsubiri mteja akubaliane na mkewe kuhusu jiko, kusubiri kibali, kusubiri hela. Kutengeneza picha ni saa sita hivi kwa jumla. Ukizifuta zote, umeokoa robo ya siku. Niliona nimemaliza mjadala.

"Dada," akasema, "picha ikichukua dakika 40, siijaribu mara ya pili. Naipeleka kama ilivyotoka."

Sentensi hiyo ilinisumbua kuliko vipimo vyote. Amdahl anachukulia kwamba kazi ni ile ile, ila inaisha mapema. Mdogo wangu alikuwa anasema kwamba kusubiri kumeibadilisha kazi yenyewe. Kumempunguzia idadi ya makosa anayoweza kumudu, na bila makosa hajifunzi mwanga unavyoanguka ukutani. Hilo huwezi kulipata kwa kugawanya saa kwa siku.

Nikaliangalia upya neno letu "inatosha". Katika mtumba wa kompyuta tumelizoea mno: ofisi ya Ulaya ikiona mashine imechoka, inafika Kariakoo, na sisi tunaambiwa kwa matumizi ya huku inatosha. Anayesema hivyo huwa na kipya mezani kwake, na mimi nilikuwa nacho. Lakini neno hilo hilo lina heshima yake pia likitoka kinywani mwa anayelipa. Mama hakuuliza viini ni vingapi. Aliuliza, "Hicho kipya kinafanya nini ambacho cha sasa hakifanyi?" Mdogo wangu akamjibu kwamba kinafanya kile kile, ila kinamwachia nafasi ya kurudia. Mama, ambaye hupogoa mti mmoja mara tatu kabla hajaridhika, alielewa kuliko mimi.

Sidhani swali la thamani lina jibu ambalo mtu wa tatu anaweza kulitoa kamili. Ninachoweza kutoa ni bei za vitu vinavyofichika: joto, umbali wa dhamana, kasi isiyogusa kazi. Baada ya hapo anayesubiri ndiye anajua kusubiri kunamla wapi, na anayelipa ndiye anajua hela imetoka mti gani.

Alichagua mwenyewe: Ryzen 9 7900 ya AMD, viini 12, imepangiwa wati 65, na mazabodi ambayo itapokea prosesa nyingine baadaye. Inashindwa na ile i9 katika kazi yake, na anajua. Mimi bado nadhani hata hiyo ni kubwa kuliko ilivyohitajika. Yeye anadhani ni ndogo. Wateja wa Makambako bado wanalipa baada ya siku 20.