Kikombe cha Papwa

Mwaka 1963, katika uwanja wa Durban Country Club nchini Afrika Kusini, mshindi wa mashindano ya wazi ya gofu ya Natal alikabidhiwa kikombe chake nje, mvua ikinyesha. Wazungu aliowashinda walikuwa na ruhusa ya kuingia katika jengo la klabu. Yeye hakuwa nayo. Aliitwa Sewsunker Sewgolum, ingawa karibu kila mtu alimjua kwa jina la Papwa. Alikuwa wa asili ya Kihindi, na sheria za nchi yake hazikumruhusu mtu wa asili hiyo kukaa mle ndani kama mgeni. Angeingia na sinia mkononi, akiwa mhudumu, hakuna ambaye angeshtuka.

Jambo linaloniumiza katika habari hii si matusi, kwa maana sina tusi lolote la kusimulia. Waandaaji walimruhusu acheze, kwa kibali cha serikali. Walihesabu mapigo yake kwa haki na kumtangaza mshindi, kama kanuni zilivyotaka. Kisha wakafuata kanuni nyingine, wakampa kikombe nje. Naamini wengi wao walikuwa watu wa heshima majumbani mwao, wazazi wema na majirani wazuri. Hawakuhitaji kumchukia Papwa ili wamwache kwenye mvua. Ilitosha kila mmoja wao kutekeleza sehemu yake ya kazi.

Papwa hakuzaliwa kwenye nyumba yenye fimbo za gofu. Alikulia Durban, katika jamii ya Wahindi ambao wengi wao mababu zao walianza kuletwa Natal mwaka 1860 kuvuja jasho kwenye mashamba ya miwa. Mchezo wenyewe aliujua kwa kubeba mifuko ya wenye nafasi kwenye klabu ya Beachwood, kazi ya kedi. Fimbo yake ya kwanza alijichongea mwenyewe kutoka kwenye mti. Kusoma na kuandika hakujua, na mwalimu wa gofu hakuwa naye, na hilo lilionekana waziwazi kwenye mikono yake.

Mchezaji anayepiga kwa upande wa kulia hushika fimbo mkono wa kushoto ukiwa juu na wa kulia chini. Ndivyo walimu wanavyofundisha na ndivyo vitabu vinavyochora. Papwa alishika kinyume, wa kulia juu na wa kushoto chini. Shika ufagio namna hiyo, uuzungushe kwa nguvu, na utaona jinsi viwiko vinavyogombana na mabega yanavyokataa kufuata. Yeye kwa mshiko huohuo aliupeleka mpira mbali, tena mahali alipokusudia, na hadi leo wapo wanaouita mshiko huo kwa jina la Sewgolum. Mtu aliyejifunza peke yake, akiiba mchezo kwa macho huku begani amebeba mfuko wa mwingine, aliishia na namna ya kucheza ambayo hakuna shule ingemfundisha.

Aliyemfungulia njia ni Graham Wulff, mkemia wa Durban aliyetengeneza mafuta ya uso yaliyojulikana duniani kwa jina la Oil of Olay. Papwa alikuwa amefanya kazi kwake. Wulff alikiona kipaji, na mwaka 1959 akampeleka Ulaya kwa gharama zake. Mwaka huohuo Papwa akashinda mashindano ya wazi ya Uholanzi. Mwaka 1960 alirudi akashinda tena, na mwaka 1964 akashinda mara ya tatu. Hebu fikiria: Uholanzi, nchi walikotoka mababu wa Makaburu wengi waliokuwa wakimtungia sheria nyumbani, ilimpa ubingwa mara tatu, wakati Durban, mji aliozaliwa, haikuweza kumpa kiti chini ya paa.

Namheshimu sana Wulff kwa alichofanya. Lakini maisha ya Papwa yanaonyesha pia mwisho wa wema wa mtu mmoja. Ulitosha kununua safari na kumtafutia nafasi ya kucheza ugenini. Haukutosha kubadili kilichomsubiri alipotua nyumbani.

Gofu ni mchezo unaojivunia uungwana kuliko karibu michezo yote. Hakuna mwamuzi anayekimbia pembeni na filimbi. Mchezaji akikosea hujitaja mwenyewe. Mwaka 1925, katika mashindano ya wazi ya Marekani, Bobby Jones alijiongezea pigo moja la adhabu kwa sababu mpira ulisogea alipokuwa akijiandaa kupiga, jambo ambalo wasimamizi hawakuliona. Mwisho wa mashindano alilingana na Willie Macfarlane, wakarudiana, akashindwa. Kisa hicho husimuliwa kila mahali panapochezwa gofu, na kinastahili. Hata hivyo, katika Marekani hiyohiyo, chama cha wachezaji wa kulipwa kilikuwa na kifungu kilichowapokea Wazungu peke yao, na hakikukifuta mpaka mwaka 1961. Mchezo uliomlazimu mtu kukiri pigo ambalo hakuna aliyeliona ulipita kimya mbele ya dhuluma iliyoandikwa kwenye katiba ya chama. Kwangu, uaminifu unaoishia kwenye kadi ya alama ni uaminifu nusu.

Turudi kwa Papwa. Mwaka 1965 alishinda tena mashindano ya Natal, na safari hii kati ya aliowashinda alikuwamo Gary Player, Mwafrika Kusini mwenzake, ambaye mwaka uleule alishinda mashindano ya wazi ya Marekani na kuwa mtu wa tatu katika historia kutwaa mashindano yote manne makubwa. Kwa nchi yoyote hiyo ingekuwa furaha maradufu, kuwa na wachezaji wawili wa kiwango hicho kwa wakati mmoja. Serikali ya ubaguzi iliona hatari. Papwa akaacha kupewa vibali vya kushindana na Wazungu nyumbani, na pasipoti yake ikachukuliwa, kwa hiyo na Ulaya ikafungwa. Alikuwa katika umri ambao mchezaji wa gofu huanza kuvuna. Alifariki mwaka 1978 kwa ugonjwa wa moyo, akiwa maskini, karibu miaka kumi na miwili kabla Mandela hajatoka gerezani.

Leo Durban ina uwanja wa gofu wenye jina lake. Ni jambo jema, na watoto wanaopita pale watauliza huyu alikuwa nani. Lakini jina la uwanja halimrudishii mtu miaka yake bora ya kucheza aliyonyang'anywa.

Player mwenyewe, katika kitabu alichokitoa mwaka 1966, alitetea siasa za serikali yake. Baadaye alibadilika na akasema hadharani kwamba alikosea. Mwaka 1971 alimwalika Mmarekani mweusi, Lee Elder, aje kucheza Afrika Kusini, na Elder akaja. Huyu Elder ndiye aliyekuwa mtu mweusi wa kwanza kucheza mashindano ya Masters kule Augusta, mwaka 1975. Aprili 2021, Augusta walimwita kufungua mashindano pamoja na Jack Nicklaus na Gary Player. Alikuwa na miaka 86, ameketi kwenye kiti, mrija wa oksijeni puani. Nguvu za kupiga mpira hazikuwapo. Jina lake lilipotangazwa alisimama, akainua fimbo, watu wakampigia makofi. Novemba ya mwaka huo alifariki. Miezi saba tu, lakini makofi yale aliyasikia kwa masikio yake, na tofauti kati yake na Papwa ni kubwa kuliko ninavyoweza kuieleza.

Kwa nini nayaandika haya hapa kwetu, ambako hakuna sheria inayomzuia mtu kuingia ndani kwa rangi yake? Kwa sababu kuna mambo tunayatekeleza bila sheria yoyote. Niliwahi kumsindikiza rafiki yangu kwenye mashindano ya klabu moja jijini Dar es Salaam. Kedi wake alikuwa kijana mwembamba mwenye taulo bichi begani. Kila walipofika karibu na shimo aliufuta mpira, akachuchumaa nyuma yake, akatazama majani yalivyolala, kisha akaonyesha kwa kidole: "Hapa panateremka, bosi. Anzia nje ya shimo, mkono mmoja hivi." Rafiki yangu hakubisha. Alipiga alipoelekezwa, na mipira mingi iliingia. Jioni alipata zawadi. Alimshukuru mwenyekiti, akamshukuru mdhamini, akaishukuru familia yake. Yule kijana alikuwa amesimama kwenye maegesho ya magari, mfuko wa fimbo miguuni. Nilipomuuliza kwa nini haingii, alinijibu kwa upole kabisa: "Sisi mwisho wetu hapa, mzee."

Silinganishi maegesho yale na Afrika Kusini ya 1963. Papwa alizuiwa na dola yenye polisi na magereza. Kijana huyu anazuiwa na mazoea tu, na mazoea hayana askari wa kuyalinda. Ndiyo maana naona hatuna kisingizio. Mlinzi anamzuia kwa sababu aliyemtangulia alizuia. Meneja hajui nani aliamua. Mwanachama hajawahi kuuliza. Wote ni watu wema, na kijana bado yuko nje.

Na tusisahau wachezaji wetu wa kulipwa wanatoka wapi. Mashindano ya wazi ya Kenya yalianza mwaka 1967, na tangu hapo wengi wa Waafrika Mashariki waliowahi kuishi kwa gofu walianza kama alivyoanza Papwa, wakibeba mifuko ya wengine na kujifunza kwa macho. Bingwa wetu ajaye huenda jioni hii yuko kwenye maegesho fulani, akisubiri kulipwa ujira wake.

Kwenu viongozi wa klabu, ombi langu ni dogo. Kwenye mashindano yajayo, mshindi akiitwa mbele, aitwe na kedi wake. Jina lake lisomwe, apigwe picha na kikombe, apewe kiti na sahani ya chakula ukumbini pamoja na wengine. Kikao kimoja cha kamati kinatosha kulipitisha.