Nani Angoje?



Katika nyumba nyingi za mashambani siku hizi limetokea swali ambalo wazazi wetu hawakulijua, ingawa wangelitambua mara moja kama wangeelezwa. Jamaa wamechanga fedha, wamenunua dishi moja la kupokea intaneti kutoka kwa setilaiti. Dishi liko juu ya paa, waya umeshuka hadi kwenye ruta, na kutoka hapo kompyuta na simu zote za boma zinakula chungu kimoja. Kila mtu analalamika kwamba kasi ni ndogo, na kila mtu anaamini kwamba wa kulaumiwa ni mwingine. Je, haki hapo ni ipi? Wagawiwe wote sawasawa? Atangulie anayelipa? Ama atangulie mwenye haja?

Wako watakaosema kwamba hili ni jambo la fundi, si la Kanisa. Mimi sioni hivyo. Penye kitu kimoja na watu wengi pana neno la haki, na Mtume Paulo hakuona haya kuwaandikia Wakorintho habari ya chakula, jinsi walivyokutanika na huyu akatangulia kula akashiba, na yule akabaki na njaa. Lakini ni kweli pia kwamba hatuwezi kuamua vema juu ya kitu tusichojua kinavyofanya kazi. Basi na tukitazame kwanza.

Setilaiti za namna ya zamani, kama zile zilizohudumiwa na kituo cha Longonot kilichofunguliwa mwaka 1970, hukaa mbali sana, yapata kilomita 36,000 juu ya ikweta. Ujumbe ukipanda na kushuka, na jibu lake likapanda na kushuka, imekwisha karibu nusu ya sekunde, hata kama hakuna mtu mwingine njiani. Hakuna fundi awezaye kuipunguza, maana hata nuru haina mbio kuliko hizo. Setilaiti za Starlink, ambayo ilianza huduma Kenya mwezi wa Julai 2023, huzunguka chini zaidi, kama kilomita 550, na kungoja kwake ni kudogo sana. Hata hivyo nazo zina kikomo. Novemba 2024 kampuni hiyo ilisimamisha kwa muda kuandikisha wateja wapya Nairobi na kaunti za jirani, kwa kuwa nafasi ilikuwa imejaa. Ndiyo kusema, tumekwisha kugawana huko angani kabla ya kufika sebuleni. Mtu nisiyemjua, ng'ambo ya kilima, yumo katika foleni moja nami.

Lakini sehemu kubwa ya taabu imo ndani ya nyumba, na hapo ndipo lawama zetu hupotea njia. Njia ya kupandisha mzigo ni nyembamba kuliko ya kuuteremsha. Kijana akirudi kutoka harusini na simu yenye picha mia tatu, simu ile yenyewe, bila kuambiwa na mtu, huanza kuzipeleka kwenye ghala la mbali. Mzigo huo hujipanga ndani ya ruta, na nyuma yake hungoja kila kitu kingine, hata zile risiti ndogondogo ambazo kila mzigo unaoteremka lazima uzirudishe juu. Nyumba nzima husimama. Na yule kijana hana habari, amelala.

Sasa mfikirie bibi mzee katika nyumba hiyo hiyo. Binti yake anafanya kazi za nyumbani katika nchi moja ya Ghuba, na mwajiri wake humruhusu kushika simu mara moja tu kwa juma. Siku ile ndiyo siku ya picha. Sauti inakatika, uso unaganda, mama anauliza, "Umekula? Unalipwa?" na jibu halisikiki. Picha za harusi zingeweza kwenda saa tisa ya usiku bila kumdhuru mtu hata kidogo. Mazungumzo yale yakipotea, hayarudi mpaka juma lijalo, na pengine lililotaka kusemwa lilikuwa zito.

Kwa hiyo mimi nakataa kwamba usawa wa kipimo ndiyo haki. Ukimpa kila mmoja nusu, umempa kijana kitu ambacho angeweza kukingoja, na huenda umemnyima bibi kitu ambacho hakingoji. Tukumbuke mana katika Kutoka 16. Kila mtu aliokota kadiri ya ulaji wake, na aliyejaribu kulimbikiza ilimwozea. Swali la kwanza, basi, lisiwe "nani apate zaidi?" bali "nani aweza kungoja?"

Fundi anaweza kutusaidia sana hapo. Ruta nyingi zaweza kuwekwa zipitishe kidogo chini ya kiasi ambacho dishi linaweza. Ndipo foleni inakuwa mikononi mwetu, na ujumbe mdogo haubanwi nyuma ya gunia kubwa. Programu zinazojifanyia marekebisho zaweza kupangiwa usiku, na kama kompyuta tano zinataka kitu kile kile, yafaa moja ikipakue kisha izigawie nyingine humo humo nyumbani. Kompyuta isiyohama mezani ifungiwe waya, ili hewa ibaki kwa simu.

Liko jambo moja hapa ambalo limenifikirisha kuliko yote. Simu iliyo mbali, tuseme katika nyumba ya nyuma yenye kuta za mabati, hupokea kwa taabu, na kwa sababu hiyo hushika hewa ya ruta kwa muda mrefu zaidi ili ipate kile kile kidogo. Aliye dhaifu anawachelewesha wenye nguvu. Wengine hushauri afungiwe nje. Nami nasema avutiwe waya, awekewe kisambazaji chake karibu. Ni gharama ndogo, na wote watapata nafuu pamoja naye.

Lakini mashine haijui thamani. Hutofautisha kikubwa na kidogo, basi. Picha ya uso wa binti aliye Ghuba na picha ya mpira wa Uingereza, kwa ruta, zote ni mzigo. Kila mtu naye atasema haja yake ndiyo isiyongoja. Mwanafunzi atasema hivyo, na mpenda mpira atasema kwa sauti kubwa zaidi. Wachaga na Wamarakwet waliochimba mifereji ya maji milimani walijua kwamba aliye juu ya mfereji hushawishika kumsahau aliye chini, ndiyo maana waliweka zamu na watu wa kuisimamia. Nyumba nayo yataka kuketi na kupanga: jioni ya siku fulani ni ya bibi, usiku wa kazi za chuo ni wa mwanafunzi.

Na anayelipa? Kama ni baba peke yake, ana haki ya kukata huduma, lakini maadamu amewaita watu mezani, asiwafanye watazame anapokula. Kama wamechanga, neno ni kali zaidi. Achukuaye sehemu ya mwenziwe aliyelipia shilingi zake, hata kwa kitu kisichoonekana, ameivunja amri ya nane, wala kusema "sikugusa chake" hakumwondolei.

Nimeulizwa kama msimamizi wa ruta aweza kuchungulia kila mmoja anatembelea wapi, ili apate kuamua haja zao. Chombo chaweza kumwonyesha majina ya mahali hapo. Naona asifanye hivyo. Kujua nani amechukua mzigo kiasi gani kwatosha kwa ugawaji. Kuchimba zaidi ni kufungua barua za mtu mzima. Kwa watoto ni neno jingine, ila waambiwe wazi kwamba wanaangaliwa, na ni nani anayewaangalia.