Mbwa, Nungunungu na Swali la Haki

Mahindi yanapoanza kukauka mashambani Kaengesa, Mpui na Laela, kazi ya mbwa huzidi. Uwanda wa Ufipa, ulioinuka kati ya bonde la Ziwa Rukwa na Ziwa Tanganyika, hulisha watu wake kwa mahindi, maharage, ulezi na viazi, na vyakula hivyo vina wateja wengine vichakani. Nguruwe pori huja kwa kundi na kishindo. Nyani huja mchana kweupe. Nungunungu husubiri giza liingie, kisha huja peke yake au na mwenzake, akafukua mizizi na kutafuna shina la hindi chini kabisa mpaka lianguke. Mwenye shamba akiwa amelala, anayemsikia wa kwanza ni mbwa.

Kinachofuata wakulima wanakijua. Kuna wanaoamini kwamba nungunungu hurusha miiba kama mishale, lakini harushi. Miiba yake ni nywele zilizogeuka kuwa ngumu, zenye asili moja na kucha, na iliyolegea huchomoka inapogusa nyama ya adui. Tanzania ina aina mbili za nungunungu, na aliyekomaa huweza kupita kilo 20. Hakuna mnyama wa jamii ya panya aliye mkubwa kuliko yeye barani Afrika. Hata hivyo si mchokozi. Akibanwa husimamisha miiba, hupiga miguu chini, huguna, na hutikisa miiba mifupi ya mkiani iliyo wazi ndani hadi ilie kama kayamba. Adui asiposikia onyo hilo, nungunungu hugeuka ghafla na kurudi kinyumenyume kwa nguvu. Mbwa aliyekuwa akija mbio hukutana na miiba hiyo kwa uso, kwa mdomo na kwa kifua.

Asubuhi mbwa yuko uani, kichwa amekiinamisha, mate yenye damu yakimtoka. Mwiba mmoja umepenya mdomo wa juu, mwingine uko chini ya ulimi, miwili imesimama begani. Anajikuna kwa mguu wa mbele, na kila akijikuna anaizamisha zaidi. Afisa mifugo akipatikana humchoma sindano ya usingizi, akaushika mwiba karibu kabisa na ngozi, akauvuta moja kwa moja kwa kufuata njia uliyoingilia. Kisha hupapasa kinywa, koo na kifua, kwa sababu kipande kilichokatikia ndani huweza kusafiri katika nyama na kuleta jipu, na mwiba wa kifuani huweza kufika kwenye pafu. Asipopatikana, huitwa vijana wa kumshika miguu, gunia hutupwa kichwani, na kazi hufanywa kwa koleo la fundi huku mbwa akilia.

Kilio hicho kinaleta swali ambalo wanatheolojia wamelihangaikia kwa karne nyingi: maumivu ya mnyama yana uzito gani mbele ya Mungu, na ni nani atakayeyajibu?

Katika Ufipa swali hili lina mahali pa kukaa. Mwanaanthropolojia Roy Willis, aliyeishi na kufanya utafiti kati ya Wafipa mwanzoni mwa miaka ya 1960, alichapisha mwaka 1974 kitabu chake Man and Beast, akilinganisha jamii tatu za Afrika kwa mnyama ambaye kila moja imempa uzito wa kifikra: ng'ombe kwa Wanuer wa Sudan Kusini ya leo, kakakuona kwa Walele wa Kongo, na chatu kwa Wafipa. Mbwa hana heshima ya chatu. Yeye huishi mpakani mwa kijiji na pori, hula makombo ya watu, na watu humtuma mahali wasikotaka kwenda wenyewe. Majeraha yake yanatoka hapo mpakani.

Ukatoliki una mizizi mirefu katika eneo hili tangu Wamisionari wa Afrika walipokabidhiwa kituo cha Karema mwaka 1885, na mafundisho yake juu ya wanyama yamepita hatua kadhaa. Katika karne ya 13, Thoma wa Akwino alifundisha kwamba ukatili kwa mnyama ni mbaya hasa kwa sababu humzoesha mtu kuwa katili kwa binadamu wenzake. Katekisimu ya mwaka 1992 inaruhusu kuwatumia wanyama, lakini inasema kwamba kuwatesa bila sababu ni kinyume cha heshima ya mwanadamu. Katika hoja zote mbili mbwa anahesabiwa kwa kupitia mtu: jeraha liko kwake, dosari inaandikwa kwenye roho ya mwenye mbwa. Waraka wa Papa Fransisko wa mwaka 2015, Laudato Si', ulipiga hatua zaidi kwa kusisitiza kwamba kila kiumbe kina thamani yake mbele ya Mungu, hata kikiwa hakitufai kwa lolote. Ukiifuata hoja hiyo mpaka uani kwa mkulima, mwiba ulio chini ya ulimi wa mbwa ni jambo baya kwanza kwa mbwa mwenyewe.

Waislamu wa Ufipa nao wana urithi wao katika suala hili. Kurani, katika Sura ya Al-Maida, inahalalisha windo lililokamatwa na mbwa aliyefunzwa. Hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim inasimulia habari za mtu aliyeshuka kisimani, akajaza kiatu chake maji na kumnywesha mbwa aliyekuwa akilamba udongo kwa kiu, na Mungu akamsamehe dhambi zake. Maswahaba walipouliza kama kuna thawabu kwa ajili ya wanyama, Mtume alijibu kwamba ipo kwa kila chenye uhai. Hadithi nyingine inasema kwamba Siku ya Kiyama hata kondoo asiye na pembe atalipiwa haki yake kwa mwenye pembe. Wanatheolojia wa Mu'tazila walilichukua jambo hili kwa uzito mkubwa: walishikilia kwamba haki ya Mungu inadai wanyama wapewe fidia kwa maumivu waliyoyapata bila kosa.

Lakini je, katika ugomvi wa usiku ule, mwenye pembe ni nani? Nungunungu alikuwa akitafuta chakula, akabanwa, akaonya, akajitetea. Mbwa alifuata silika yake na mafunzo aliyopewa. Wote wawili hawana hatia, na wote wawili wanaweza kufa. Aliyekuwa na shauri katika jambo hili hakuwapo gizani. Alikuwa amelala ndani, na shamba linalogombewa ni lake.

Sheria ya kale ya Musa iliona tofauti hii. Katika Kitabu cha Kutoka, sura ya 21, ng'ombe akimpiga mtu pembe na kumwua, mwenye ng'ombe hana hatia. Lakini ikiwa ng'ombe alikuwa na tabia hiyo tangu zamani, mwenyewe akaonywa na asimzuie, lawama inamrudia. Ujuzi ndio unaohamisha hatia. Mkulima ambaye mbwa wake amechomwa kwa mara ya kwanza amepatwa na ajali. Yule anayejua kwamba mbwa wake hamwachi nungunungu, na bado anamfungulia kila usiku, anayajua maumivu hayo kabla hayajatokea. Vivyo hivyo kwa wawindaji wanaomsukuma mbwa kichwa mbele ndani ya shimo la nungunungu ili wapate kitoweo. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya 2009 inakataza kuwinda bila kibali, na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008 inakataza ukatili kwa mnyama, mbwa akiwamo.

Kuna pingamizi lisilopaswa kupuuzwa. Mahindi yale ni ada ya shule na unga wa watoto mpaka msimu ujao. Afisa mifugo huenda anahudumia vijiji vingi, na dawa ya usingizi ina bei. Kumwambia mtu wa hali hii asitumie mbwa ni kumnyang'anya mlinzi pekee anayemmudu, na hakuna dini kati ya hizi mbili inayomdai hivyo. Kinachodaiwa ni kidogo kuliko hapo, lakini kina uzito: huduma ya mbwa ihesabiwe kuwa kazi, na jeraha lake lihesabiwe kuwa gharama ya kilimo, kama mbegu na mbolea.

Deni hilo la mwenye mbwa linavuka hata ua wa nyumba. Mwaka 1994 ugonjwa wa distempa, uliohusishwa na mbwa wa vijiji vya jirani, uliua takriban simba 1,000 wa Serengeti, yaani karibu theluthi moja ya simba wote wa huko. Kichaa cha mbwa nacho huweza kupita kutoka kwa mbweha kwenda kwa mbwa na kuishia kwa mtoto, na dalili zikishaanza, karibu kila mgonjwa hufa. Anayemtuma mbwa mpakani bila chanjo anawahatarisha mbwa, wanyama wa porini na majirani kwa pamoja.

Baada ya hesabu hiyo yote, bado kuna maumivu ambayo hayakutumwa na mtu yeyote. Mwaka 1965 huko Darajani, Kenya, simba aliyekuwa akila watu aliuawa, akakutwa na mwiba wa nungunungu umezama puani. Hakuna mkulima aliyemfungulia simba yule. Mtume Paulo, katika sura ya nane ya Waraka kwa Warumi, anasema viumbe vyote vinaugua pamoja vikingoja ukombozi, na waamini wanaruhusiwa kumuuliza Mungu kwa nini iwe hivyo. Wanaouliza kwa dhati wataanza kwa kutenga sehemu ambayo jibu lake liko mikononi mwao. Kwa mkulima wa Kaengesa, sehemu hiyo ni ua uliofukiwa chini kiasi cha kumzuia nungunungu kuchimba, mbwa aliyefungwa karibu na nyumba usiku ili abweke badala ya kushambulia, chanjo ya kichaa kila mwaka, na debe la mahindi linalowekwa kando wakati wa mavuno kwa ajili ya kumlipia mbwa matibabu.